Wimbo Uliokatizwa kwa Kikombe

Baina ya mashine ya kusaga nafaka na kibanda cha kinyozi palikuwa na benchi la mbao, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na benchi hilo ndilo lililokuwa baraza, mahakama na bunge la mtaa. Waliolikalia hawakuwa wengi, ila kwa wingi wa maneno yao mpita njia angedhani ni kikosi kizima. Alikuwapo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hakupewa jina hilo kwa uendeshaji wake bali kwa sababu hapakuwa na hadithi iliyowahi kupita mbele yake asiisimamishe. Alikuwapo Wembe, kinyozi mwenyewe, mtu wa kunyoa huku akibishana, na wateja wake walitambulika mtaani kwa nyusi zisizolingana. Alikuwapo Bi Buli, muuza kahawa, ambaye hakuketi kamwe wala hakukosa neno. Na pembeni kabisa, upande usio na tofali, aliketi Maalim Pumzi, mzee aliyetumia umri wake kufundisha usomaji wa maneno matukufu na utunzi wa mashairi, na ambaye kila mwanafunzi wake alilikumbuka somo la kwanza: “Pumzi kwanza, herufi baadaye.” Sheria ya kijiwe hicho ilikuwa moja tu. Mwenye hoja huinua kikombe. Na kikombe kikishainuliwa, kila kitu husimama, hata iwe redio inatangaza penalti, mpaka mwenye kikombe aseme amalize.

Siku hiyo ugomvi uliletwa na karatasi iliyobandikwa ukutani pa mashine ya kusaga. Ilikuwa na picha ya uso uliopakwa majivu na masizi, macho yamezama kama mapango, nywele zimemwagika mbele kama kichaka baada ya mvua. Chini yake iliandikwa kwamba kundi liitwalo Radi lingepiga muziki wa metali, tena ile kali yenyewe, alasiri hiyo hiyo katika ukumbi wa shule ya ufundi.

Maalim alikuwa ameipa karatasi hiyo mgongo. Hakuhitaji kuitazama. Alijua kwamba chini ya majivu yale, karibu na kidevu, palikuwa na kidoti cheusi, kwani ndicho kidoti alichokibusu siku mtoto huyo alipozaliwa. Alikuwa kitindamimba wake. Asubuhi walipokuwa wakinywa chai, binti alimuuliza, “Baba, utakuja?” Naye akajibu, “Nitaona.” Katika nyumba ile kila mtu alijua kwamba “nitaona” ya baba ni “hapana” iliyovaa kanzu. Binti akainamia kikombe chake. Mama mtu akaendelea kupiga pasi gauni la kuendea ukumbini, akiikandamiza pasi kwa nguvu ambazo gauni halikuzistahili.

Hivyo Maalim alikuja kijiweni akiwa na nia aliyoificha. Alitaka benchi limwamulie. Kijiwe kikisema kwamba ule ni upuuzi, atarudi nyumbani na mashahidi wake, na nani atamlaumu mtu aliyekubaliana na watu? Alichokuwa hajakitambua ni kwamba mtu hatafuti mashahidi kwa jambo ambalo moyo wake umelikubali.

— Wimbo wao ninao hapa, alisema Wembe, akichomeka waya wa spika ndogo kwenye simu yake. Mteja mmoja kanirushia. Sikilizeni kwanza, ndio mseme.

Akabonyeza. Gitaa likanguruma, ngoma zikaanguka kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori, na juu yake ikatoka sauti nzito, ya kooni, ya kukwaruza. Kikombe cha Breki kikawa hewani kabla wimbo haujapata kukohoa.

— Simamisha! Huyo jamaa anaumwa jino.

— Jino gani tena, Breki?

— Gego. Mimi niliumwa gego njiani, lori limejaa saruji, nikalia hivyo hivyo mpaka utingo wangu akaruka dirishani. Sasa mtu akilia kwa gego, hiyo ni sanaa? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone!

— Na hiyo methali inahusiana vipi na gego? aliuliza Bi Buli.

— Inahusiana kwa sababu mgeni ni jino, mwenyeji ni mimi, na sikupona.

Wembe aliinua chake.

— Mimi nasema debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye sauti nzuri huimba taratibu umsikie. Huyu anajificha ndani ya makelele kama mimi ninavyomficha mteja kioo nikishakosea.

— Ahaa! Kwa hiyo huwa unakosea!

— Nimetoa mfano tu, bibie.

Kwa desturi ya kijiwe, wimbo uliokatizwa hauendelezwi ulipoishia. Huanzwa upya, kama sala iliyobatilika. Wembe akaurudisha mwanzo. Maalim, aliyekuwa ameinamia kahawa yake, akasikia jambo ambalo mara ya kwanza lilimpita. Kabla ya ile sauti kutoka palisikika mvuto mdogo wa pumzi, wa chini, mpana, usio na haraka. Aliujua mvuto huo. Aliufundisha kwa kuweka kitabu juu ya tumbo la mtoto aliyelala chali mkekani: kitabu kipande, kitabu kishuke, mabega yasitikisike. Akakiweka kikombe chini polepole.

Wembe akainua tena.

— Ngojeni! Hiyo ngoma ya chini mmeisikia? Inakwenda mbio kuliko cherehani ya kushona sare za shule. Mtu mmoja hawezi, hapo wamefichwa watu wanne.

— Wanapiga kwa miguu yote miwili, alisema Bi Buli. Niliona kwenye televisheni. Kila mguu na ngoma yake.

— Miguu! alimaka Breki. Basi nimeshajua muziki huu umetoka wapi. Muziki huu ni wa kwetu madereva. Panda mlima na mzigo, gia ya kwanza, injini inalia grrrrr, miguu inacheza klachi na breki, klachi na breki. Wametuibia! Kuna mtu alikuwa amelala juu ya magunia, akashuka akaenda kununua gitaa.

— Kama ni wa kwenu mbona unaukana?

— Naukana kwa sababu hawakuniomba ruhusa. Na jambo jingine: sanaa ni kitu unachoweza kukipigia mluzi ukiwa unaoga. Huu nani ataupigia mluzi?

— Na jogoo akiwika, Wembe alisema, wewe humpigia mluzi? Humpigii. Lakini unaamka.

— Wewe si ulisema debe tupu?

— Nilisema. Kwani nimekatazwa kubadilika? Hata nywele hubadilika.

Bi Buli akacheka, akawajazia vikombe.

— Nyinyi wanaume mnanifurahisha. Hii kahawa yangu ni chungu, sijawahi kuitia sukari hata siku moja, na mnatoa hela zenu mnakunja nyuso mnakunywa. Kesho mnarudi. Kumbe uchungu mnaupenda ukiwa umepikwa vizuri. Sasa uchungu wa masikioni ndio mnauona haramu?

Hoja hiyo ilitua benchini ikakaa. Breki akapuliza kahawa iliyokuwa imekwisha kupoa.

— Maalim, akasema hatimaye, wewe ndiye mwenye elimu. Tuamulie. Huu ni muziki au si muziki?

Hapo ndipo Maalim alipokuwa akipangojea tangu asubuhi. Angesema neno moja tu, kijiwe kingeitikia, naye angekwenda zake nyumbani akiwa na hukumu mkononi. Lakini ulimi wake uligoma.

— Kadhi hahukumu kesi kwa kusikia mlango ukifunguliwa, alisema. Rudisha.

Wembe akarudisha. Breki, katika kusogea apate nafasi, akaugusa waya kwa kiwiko, ukachomoka, na spika ikanyamaza. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa dakika hiyo hiyo jirani aliwasha mashine ya kusaga. Ikaanza kwa mkoromo, ikapanda, ikatulia kwenye ngurumo yake nzito huku mkanda ukipiga pa-pa-pa-pa.

— Hapa sasa! Breki alifumba macho. Hapa amepatia! Sikilizeni hiyo besi. Huyu ametubu.

— Ametubu wapi? Hapa ndipo anapoharibu, alisema Wembe. Mwanzo palikuwa na gitaa, sasa gitaa limezama. Ila hizo ngoma, pa-pa-pa-pa, hizo nakubali.

— Ngoma zenyewe haziyumbi! Huyu mpigaji ni mtu mzima, ana familia, unamsikia tu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Mimi naona kama anapunga mashetani, alisema Bi Buli, ambaye safari hii naye alikuwa amenaswa. Mwili unanisisimka.

— Si ndiyo sanaa hiyo! Breki alikuwa akitikisa kichwa kwa mapigo. Nilikosea, jamani. Nautangaza muziki huu kuwa muziki. Kikombe changu nakishusha.

Maalim aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akaunyanyua waya ulioning'inia, akawaonyesha ncha yake.

— Ndugu zangu, mnachokisifu ni unga.

Bi Buli akaketi chini, jambo ambalo halikuwa limeonekana pale tangu benchi litiwe tofali, akacheka mpaka buli likamtoka mkononi, na Wembe akalidaka. Mteja aliyekuwa kitini akingoja ndevu zake zimaliziwe naye akacheka, povu likimruka. Breki peke yake ndiye aliyedumisha heshima yake.

— Mimi nilijua, alisema. Nilikuwa nawapima.

— Umetupima kwa kutikisa kichwa?

— Lakini Maalim, Wembe aliuliza, wewe ulijuaje? Waya upo nyuma yako, hukuuona.

— Ile haipumui, alijibu Maalim.

Alitaka kuishia hapo, lakini maneno yalikwisha kupata njia, na mtu aliyefundisha umri wote hawezi kuziba mfereji kwa kidole.

— Mashine haina haja ya pumzi, basi haina haja ya kituo. Hunguruma mpaka izimwe. Mwenye kupumua ndiye hulazimika kuchagua: niunge wapi, nikate wapi, nibakishe kiasi gani kwa ajili ya neno la mwisho. Sanaa ya sauti huanzia hapo, katika uchache wa pumzi. Ikiwa sauti ni tamu au kali, hilo huja baadaye; hata radi ina tasbihi yake. Nimesikiliza vipande vyote mlivyoniruhusu kusikiliza, na binti huyu hajakata neno katikati hata mara moja. Anavuta kwa tumbo. Mabega hayapandi.

— Mabega? alisema Breki. Maalim, simu ina mabega?

— Na binti? Wembe alidakia. Nani kasema binti? Sisi hapa tulikuwa tunajadili dume la nyati.

Maalim akanywa kahawa ambayo haikuwamo kikombeni.

— Nimesema kiumbe, alisema. Rudisha wimbo.

Safari hii waya ulirudishwa mahali pake, mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, na mtaa ukatoa kimya kidogo. Gitaa likaingia. Maalim aliweka vidole vyake pembeni mwa kikombe, navyo, bila kuamriwa, vikaanza kugonga kama vilivyokuwa vikigonga mbele ya wanafunzi: mizani nane, kituo, mizani nane, kituo. Akashtuka. Ndani ya ngurumo ile mlikuwa na utenzi uliosimama wima, vina vimekaa mahali pake kama mawe ya msingi. Na masikio yakishaijua mizani, maneno hayana pa kujificha. Yakamjia moja moja, yamekwaruzwa, yamelowa giza, lakini kila herufi ikitoka mahali pake.

Kumekucha barazani,
kiti hakina mwendani,
kikombe ki dirishani...

Alikijua kiti hicho. Kilikuwa cha mama mzazi wa Maalim, aliyefariki mwaka uliopita, na wanaume wa benchi hili ndio waliompa bega mpaka kaburini. Kila alfajiri binti huyo alitoka chumbani mwake akaenda kwanza barazani kumpa bibi shikamoo, kabla ya baba, kabla ya mama, na kikongwe huyo aliitikia kwa marahaba ndefu iliyofika hadi jikoni. Baada ya mazishi binti hakulia mbele ya mtu. Maalim alimdhania ana moyo mgumu, na hakuwahi kumuuliza. Kumbe kilio alikuwa amekipeleka mahali pengine, akakitia mizani.

Mshororo wa nne ulikuwa njiani. Pumzi ikavutwa. Na kikombe cha Breki kikapaa.

— Simamisha! Sasa nimemjua! Huyu ni mnyama aliyeachwa na safina ya Nabii Nuhu. Gharika imekuja, wenzake wawili wawili wamepanda, yeye amechelewa anajitengeneza nywele, akabaki kwenye maji anaguta. Ndiyo maana nywele zimelowa pale kwenye picha! Kikulacho ki nguoni mwako!

— Shusha kikombe, alisema Maalim.

Haikuwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Breki alikishusha kikombe kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Wembe akabonyeza simu haraka. Simu ikaonyesha betri nyekundu, ikazimika. Bi Buli, akitafuta la kufanya, akainamisha buli juu ya kikombe cha Maalim. Yakatoka matone na machicha.

Hapo alikuwa amesimama mwanamke mmoja mwenye sare ya uuguzi, ametoka zamu, aliyekuja kununua kahawa na kwa muda wote huo hakupata aliyemhudumia. Alikuwa amesikiliza kesi tangu kwenye gego.

— Samahani wazee wangu, alisema. Mimi sijui mambo ya muziki. Nauliza tu: huo wimbo unaishaje?

Breki alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Bi Buli. Mteja mwenye povu alijitazama kiooni.

— Unaisha... Breki alianza. Unaisha kwa... Wembe, unaishaje?

— Nitajuaje, na wewe umeusimamisha kila ukianza?

— Na wewe je?

— Basi mmehukumu kitu gani muda wote huu? yule muuguzi aliuliza, bila dhihaka yoyote, na kwa hiyo swali liliuma zaidi.

Maalim alisimama. Akajikung'uta kanzu, akakaza kofia.

— Jibu halimo kwenye benchi hili, alisema. Liko ukumbi wa shule ya ufundi, na likianza kuimbwa kabla sijafika nitakuwa nimelikosa kwa mikono yangu. Yule ni mwanangu. Kitindamimba.

Kila mtu akaanza kukusanya maneno yake kama mtu aliyeanika mpunga akaona wingu.

— Maalim, niliposema gego, nilikuwa na maana ya gego la heshima...

— Nilisema nyati kwa kusifu! Nyati ni mnyama mkubwa!

— Na safina, Maalim, safina ni jambo la kidini kabisa...

— Nyamazeni mtembee, alisema Bi Buli, akifunga jiko lake. Buli lenyewe tupu. Nani anabaki?

Hakubaki mtu. Hata mteja alikuja, na shavu moja lenye ndevu.

Ukumbi ulijaa vijana wenye nguo nyeusi, ambao walipomwona mzee wa kanzu anaingia walimpisha kwa adabu kubwa kuliko wapishavyo watu msikitini siku ya Ijumaa. Mstari wa mbele alikuwapo mama mtu, gauni limenyooka, pamba masikioni, anapiga makofi. Maalim akasimama nyuma, ukutani. Jukwaani, chini ya majivu na masizi, mwanawe alifungua kinywa, na ngurumo ikatoka ambayo ile spika ndogo ilikuwa imeitendea dhuluma. Ilimpiga kifuani. Hakuziba masikio. Alitazama mabega, nayo hayakupanda.

Kumekucha barazani. Kiti hakina mwendani. Kikombe ki dirishani. Kando yake Breki, aliyekuwa ametoka na kikombe cha Bi Buli bila kujijua, alijawa na hoja, mkono ukapanda kwa mazoea. Hakuna kilichosimama. Ngoma zilimpita kama lori lisilo na dereva, gitaa likamkanyaga, na ndipo kwa ghafula vyote vikakatika kwa pamoja, na ndani ya kimya kile ikabaki sauti tupu ya msichana, bila mkwaruzo, bila kitu cha kujifunika, ikiutoa mshororo wa nne kwa pumzi yote iliyobaki:

— Ni nani nimwamkie?

Wimbo uliishia hapo. Ukumbi mzima haukujua kama upige makofi au ungoje.

Na kutoka ukutani, nyuma kabisa, ikaitika sauti ya mzee, ndefu, ya tumboni, ambayo ingefika hadi jikoni:

— Marahabaaa, mwanangu.

Jukwaani yale majivu yakaanza kupata mifereji miwili. Vijana wakalipuka kwa shangwe. Na Breki, kikombe chake kingali hewani, akawa anajaribu kukumbuka alitaka kusema nini.